Viatu Vilivyotazama Mlango: Maisha ya Himmet wa Sazak

Alizaliwa Himmet katika kijiji cha Sazak, kwenye nyanda za juu za Anatolia, majira ya baridi ya mwaka 1181 wa Hijra, asubuhi ambayo theluji ilikuwa imepanda hadi kwenye madirisha na mkunga aliingizwa ndani kwa kuvutwa mikono. Baba yake alikuwa mchunga kondoo, mtu wa maneno machache, naye alifariki mtoto hajajua kutamka jina lake. Mama yake, Bi Husniye, alisokota sufu za watu na kwa kazi hiyo akamlea. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na mimba yake aliota yuko mtoni anafua sufu. Kila alipoitoa majini ilikuwa na mwiba mmoja. Akauchomoa, akairudisha, akaitoa, mwiba mwingine. Mikono ikamchoka. Alipoinua macho akaona ng'ambo ya mto mzee amekaa, viatu vyake kando yake, akimtazama kwa upole. "Endelea tu, mama," mzee akamwambia. "Imebaki kidogo." Bi Husniye aliamka viganja vyake vimelowa maji baridi, na ndoto ile alimsimulia mwanawe mara nyingi, jioni za kusokota, mpaka Himmet mwenyewe akawa haelewi kama aliisikia au aliiota yeye.

Tusidhani kwamba watu wa Mungu huzaliwa wameshaoshwa. Himmet alikuwa mtoto wa kinyongo. Akicheza vifupa vya kondoo na wenzake na mmoja wao akamdhulumu, hakupigana wala hakulia. Alikwenda kando akanyamaza, na kimya chake kiliweza kudumu tangu mavuno haya hadi mavuno mengine. Siku moja mama yake alimwuliza mbona hamsalimii mtoto wa mhunzi.

"Mwenyewe anajua kwa nini," Himmet akajibu.

"Mtoto wa mhunzi hajui hata kofia yake aliiacha wapi jana, ndiyo akumbuke vifupa vyako?" mama akamwambia, mkono hauachi kusokota. "Moyo wako mwanangu ni sufu mbichi. Kila mwiba unaopita njiani lazima ushike kwako."

Alipokuwa kijana, ami yake Duran, ndugu wa baba, alijitwalia malisho ya mtoni ambayo marehemu aliwaachia mke na mtoto. Shahidi hakuwapo, na wazee wa kijiji walitazama ndevu zao. Mwaka uliofuata Bi Husniye akashikwa na homa ya mapafu. Kitandani alimwita mwanawe akamwambia, "Msamehe ami yako, nipate kwenda nimepumzika." Himmet akasema, "Nimesamehe, mama." Mama akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza mlango utakaogongwa. "Mdomo nimeusikia," akasema. "Moyo sijausikia bado." Akangoja. Akafariki adhuhuri ya siku ile, macho yake yakiwa bado kwa mwanawe, na jibu hakulipata.

Neno hilo ndilo lililomwita Himmet. Kijiji kile kilikuwa na msikiti mdogo, na safu zake ni za kurithi: ami Duran alisimama daima kuliani kwa Himmet, bega kwa bega. Kila mwisho wa swala kijana aligeuza uso kulia kutoa salamu, na aliyekutana naye ni yuleyule. Ulimi ulisema amani, moyo ukauma. Mara tano kwa siku akampa mtu amani asiyokuwa nayo. Mwishowe alikaa kwenye kaburi la mama yake akasema kwamba atatafuta mahali ambapo mioyo huoshwa, hata kama ni kwa maji ya moto. Mwaka 1202, theluji ilipoanza kuyeyuka, akafunga mkate na jibini katika kitambaa akaenda kwa miguu hadi Akpinar, kwenye zawiya, nyumba ya madarweshi, ya Sheikh Burhan Efendi.

Katika zawiya ile mtu hakupokewa msikitini, alipokewa jikoni. Wao walisema moyo nao ni chakula, na mbichi hauliwi. Mkubwa wa jiko alikuwa Dede Kenan, na Dede maana yake ni babu, ingawa wakati ule ndevu zake zilikuwa bado nyeusi; mtu mfupi, mnene, mwenye sauti ya kukwaruza na kope zilizoungua kwa mvuke. Mgeni aliketishwa juu ya ngozi ya kondoo kando ya mlango wa jiko, asiseme, asisome, atazame tu wenzake wanavyofanya kazi. Akivumilia hilo, alianza utumishi wa karibu miaka mitatu: kubeba kuni, kuosha masufuria, kufagia vyoo, kuwasha taa. Aliyeukatiza utumishi kwa sababu yoyote, siku zake zote zilifutika, na akirudi alianza upya juu ya ngozi ile ile. Tena nyumba ile haikumfukuza mtu kwa maneno. Wakubwa wakimwona mtumishi hafai, viatu vyake vilivyo nje ya mlango wa jiko viligeuzwa, ncha zitazame nje. Mwenyewe akivikuta hivyo huvivaa akaenda zake. Haulizi, wala haulizwi. Kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu katika zawiya ile aliyethubutu kugusa kiatu cha mwenziwe, hata kama mbwa amekiburura hadi kisimani.

Himmet alitumika kwa bidii. Dede Kenan alimfundisha habari za moyo pale pale kwenye sufuria, mwiko mkononi. Alimfundisha kwamba iko nafsi inayoamrisha maovu, iko nafsi inayojilaumu, na iko nafsi iliyotulia. Na kwamba ya katikati ndiyo yenye hila, kwa kuwa hujilaumu huku inajisikiliza inavyojilaumu vizuri. "Litazame povu la dengu," alisema. "Umelitoa, umefurahi, umegeuka kumwonyesha mwenzio. Geuka tena uone." Himmet alikubali kwa kichwa na kuendelea kukoroga. Alipokuwa peke yake alimtazama ami Duran moyoni mwake, akamkuta yuko pale pale, kuliani.

Utumishi wake ulipokaribia kwisha, alipata ndoto. Desturi ya nyumba ni kila mtu kumweleza mkubwa wake alichoota, basi asubuhi akamwambia Dede Kenan mbele ya wenziwe: aliona anatembea juu ya theluji asiache nyayo, na milango ya zawiya ikafunguka yenyewe mmoja baada ya mwingine, na ndani ya kila mlango mwanga wa rangi ya maziwa.

"Na ulijisikiaje huko ndotoni?" Dede akamwuliza.

"Mwepesi, Dede. Nilijisikia safi."

"Alhamdulillahi," Dede akasema. Akavuta kapu kwa mguu. "Vitunguu hivi havijajisikia safi bado. Vimenye."

Wenziwe walicheka mpaka mmoja akaangusha kifuniko. Himmet akamenya vitunguu kapu zima, na machozi yaliyomtoka, mengine yalikuwa ya vitunguu.

Siku ya pili yake theluji ilianguka tangu alfajiri. Dede Kenan aliwachukua watumishi wote wakapasue kuni mlimani, akamwacha Himmet peke yake na moto. Sheikh na wazee walikuwa vyumbani mwao ndani. Mchana akaja langoni mjane wa kijiji cha jirani na gunia la ngano ya kupondwa begani, nadhiri ya mwanawe aliyepona ndui. Himmet alivaa viatu akakimbilia uani, theluji ikamwingia hadi vifundoni, akalibeba gunia. Alivua viatu kwenye mlango wa jiko, akaingia ghala iliyo ndani yake, akaanza kuimimina ngano katika pipa. Mjane alibaki nje, kwa kuwa jiko lile halikuingiwa na wanawake. Himmet alimsikia akiita kutoka mlangoni, "Mungu akupe njia nyepesi, mwanangu," halafu kimya cha theluji.

Alipotoka akakuta viatu vyake vimegeuzwa. Vimekaa pamoja kwenye jiwe la kizingiti, ncha zinatazama lango.

Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Moyoni aliona kila kitu kwa pamoja: ndoto, kicheko, kapu la vitunguu, Dede akiingia usiku ule kwa Sheikh kusema kijana amejaa majivuno. Kwa hiyo walimwacha peke yake makusudi, wakamwondolea aibu ya macho ya watu. Akakunja aproni yake akaiweka juu ya ngozi ya kondoo. Akabusu kizingiti. Alipotia mguu kiatuni akashangaa kukikuta kikavu, theluji yote imekung'utwa na ngozi imepanguswa, akadhani huo ndio upole ambao zawiya humfanyia anayefukuzwa. Akaenda zake. Theluji iliyokuwa ikianguka ikafunika nyayo zake, hata watu waliporudi na kuni hawakuona alikoelekea, na uani palikuwa peupe kama katika ndoto yake.

Aliingia mji wa Kizilhan na kufanya kazi kwa Fundi Yakub, mshindilia sufu. Kazi yenyewe ni hii: sufu huchambuliwa, hutandazwa juu ya mkeka, humwagiwa maji ya moto, huviringishwa, kisha hukanyagwa na kugandamizwa kwa mikono na kifua ndani ya hamamu, nyumba ya kuogea ya mji, katika joto na mvuke, mpaka nyuzi zishikane ziwe kitu kimoja kisichopitisha mvua. Katika ule mvuke watu hawaonani nyuso. Husikia tu pumzi za wenzao, hah, hah, na wale wa tarika hutia jina la Mungu humo humo. Himmet alipenda mahali pale. Alisema mbele ya mvuke kila mtu ni mgeni na hakuna anayeulizwa katoka wapi. Alitengeneza mazulia, makoti ya wachungaji, na kofia ndefu za madarweshi ambazo zilipelekwa Akpinar kuvaliwa na waliomaliza utumishi. Yake mwenyewe hakujitengenezea.

Kila alfajiri, baada ya swala, aliomba dua moja: "Ewe Mola, usamehe mkono ulionigeuzia viatu." Aliiomba kwa machozi, na watu walioswali karibu naye waliisikia. Habari zake zikaenea, kwamba huyo ni mtu aliyefukuzwa pasipo kosa na hajapata kumsema vibaya aliyemfukuza. Fundi Yakub alipotaka kumwoza binti wa ndugu yake, Himmet akauliza ni mwanamke gani atakaa na mtu aliyegeuziwa viatu. Fundi Yakub akasema, "Basi wewe hivyo viatu umevioa." Watu wakacheka, Himmet akatabasamu kwa upole, na jioni ile akajiona amevumilia tena.

Yalionekana ya ajabu katika kazi ya mikono yake, na walioyaona wameyasimulia. Ndugu wawili wa Kizilhan waliokuwa wanagombania kisima waliletwa na kadhi waketi juu ya zulia lake. Usingizi ukawachukua wote wawili mbele ya mashahidi. Walipoamka mmoja akasema ameota anachota maji kwa mikono, na mwingine akamkatiza, "Nami nilikuwa nashika ndoo." Hawakurudi tena kwa kadhi. Mazulia yake yaliburutwa juu ya michongoma yasishike mwiba. Himmet alisikia hayo akatikisa kichwa, lakini hakuyakana sana.

Miaka ikapita. Fundi Yakub akafa, duka likawa la Himmet, ndevu zikaingia mvi, mgongo ukapinda kwa kazi. Siku ya soko ya vuli ya mwaka 1230, akaja dukani mwanamke mzee mwenye sauti kubwa, jina lake Bi Zeliha, kutoka vijiji vya upande wa Akpinar. Alitaka koti la sufu la mwanawe mchungaji. Himmet alimkaribisha juu ya zulia, akampa mtindi, kisha akaingia kwenye chumba cha nyuma kumletea sufu achague rangi. Viatu vyake alikuwa ameviacha kwenye ngazi ya mlango. Aliporudi na sufu mikononi akaviona. Vimekaa pamoja, vimepanguswa, ncha zinatazama nje.

Sufu ikamtoka mikononi.

"Nani kagusa viatu vyangu?" akauliza.

"Mimi. Au ulidhani paka?" Bi Zeliha akajibu, bado anakunywa mtindi.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa nini tena? Mgongo wenyewe huo. Nikuache uhangaike mlangoni kama kuku anayetafuta pa kutagia? Kwetu mtu akivua viatu tunamgeuzia, akitoka mguu uingie wenyewe. Ninyi watu wa Kizilhan mama zenu waliwafundisha nini?"

Himmet hakuondoa macho kwenye viatu. Mwanamke akadhani ameudhika, akaendelea kwa kucheka. "Usinune, fundi. Mimi hata zawiyani Akpinar niligeuza. Mwanangu huyuhuyu wa koti alikuwa amepona ndui, nikapeleka gunia la ngano, theluji mpaka hapa. Kijana mmoja akatoka mbio akanibebea, viatu vikajaa theluji. Niingie kumshukuru siruhusiwi. Basi nikamkung'utia, nikampangusia kwa shela yangu, nikamwekea vizuri, nikamwombea njia nyepesi, nikaenda zangu. Sura yake siikumbuki. Nakumbuka soksi tu, zimetoboka kisigino, masikini. Tangu siku hiyo kila ninapomwombea mwanangu namwombea na yule. Maana nilisema, huyu naye ana mama mahali."

Himmet aliketi chini katikati ya sufu. Neno lilikuwa limemfika kwenye meno: Ni mimi, mama, na mkono wako ndio ulionitoa. Lilikuwa neno la kweli, na alikuwa na haki nalo. Alimtazama yule mzee, kidevu chake kina alama nyeupe ya mtindi, anavyofurahi kwa wema mdogo alioufanya zamani na kuutunza mpaka leo. Akajua kwamba neno hilo likitoka, mama huyu hatageuza tena kiatu cha mtu yeyote mpaka anakufa. Akalimeza. Watu wa tarika wanasema kulimeza neno lile kulimpandisha kuliko swala zake zote za Kizilhan.

"Una homa?" Bi Zeliha akamwuliza. "Umekuwa mweupe."

"Sina homa, mama. Yule kijana," akasema, "nadhani dua yako ilimfika."

"Inshallah. Sasa nionyeshe hiyo ya kahawia, ila bei usiniambie ya watu wa mjini."

Alipokwisha kwenda na ahadi ya koti, Himmet alibaki ameketi mpaka magharibi. Hapo ndipo alipouona ugonjwa wake ulio ndani kabisa, ambao vitunguu havikuufikia. Miaka yote ile alimwombea msamaha mtu asiye na kosa. Kila alfajiri alikaa kiti cha hakimu, akamhukumu mtu, kisha akamsamehe kwa sauti ili asikiwe. Na mtu mwenyewe, upande wa pili wa milima, saa zile zile za alfajiri, alikuwa akimwombea yeye njia nyepesi. Subira yake yote ilikuwa jumba zuri, na msingi wake ni adabu ya mwanamke mmoja na shela yake. Majirani waliopita walimkuta analia na kucheka pamoja, wakadhani mvuke wa hamamu umempanda kichwani.

Alilimaliza koti la Bi Zeliha, akampelekea bila malipo, akamwachia duka mpwa wa Fundi Yakub, akatoka Kizilhan na viatu vyake vilevile vilivyotiwa viraka. Hakwenda moja kwa moja Akpinar. Alipitia Sazak. Ami Duran alikuwa bado hai, kipofu, amekaa juani mlangoni kwake, viatu kando yake, na zaidi ya kijukuu mmoja aliyemletea maji hapakuwa na mtu wa kukaa naye.

"Nani?" akauliza.

"Himmet wa Husniye, ami."

Mzee akakaza mikono kwenye fimbo. "Umekuja kudai malisho."

"Nimekuja kunywa mtindi. Wa Kizilhan ni maji matupu."

Duran akasema, "Malisho yenyewe mto umeyala. Yamebaki mawe." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyengoja kwa muda mrefu kulisema hilo. Himmet akacheka, ami naye taratibu akacheka, na adhuhuri wakaenda msikitini wameshikana mikono. Wakasimama bega kwa bega kama zamani. Mwisho wa swala Himmet aligeuza uso kulia akatoa salamu, akangoja. Hakuna kilichouma. Walipotoka aliinama mlangoni akamgeuzia ami yake viatu, ncha zitazame njia, akamshika mguu akamwingizia. Kisha akaenda peke yake kwenye kaburi la mama yake, akaketi bila kusema neno. Wachungaji waliopita wanasema upepo ulitulia pale makaburini, nyasi zikasimama wima kama watu wanaosikiliza.

Aliufikia mlango wa zawiya ya Akpinar theluji inaanza. Sheikh Burhan Efendi alikuwa amekwisha kufariki, na aliyekalia nafasi yake ni Dede Kenan, mzee sana sasa, ambaye hata hivyo alikataa kuhama jikoni. Alikuwa ameketi karibu na moto. Alimtazama mtu aliyesimama kizingitini, mvi kichwani, theluji mabegani, akamtambua.

"Umechelewa na kuni," Dede akasema.

Himmet akapiga magoti. "Dede, viatu vyangu viligeuzwa."

"Mimi sikuvigeuza. Wala Sheikh hakuvigeuza. Tulirudi tukakuta aproni." Kope zake zilizoungua zikatetemeka. "Nilisema ni vitunguu vyangu. Nilisema, Kenan, umemvunja mtoto wa watu zimebaki siku chache. Na kanuni inasema aliyeondoka haulizwi. Nikanyamaza. Miaka yote nimenyamaza."

"Aliyevigeuza ni mwenye shukrani," Himmet akasema, akamsimulia yote, akamwomba asiyaseme maadamu Bi Zeliha yu hai. Nasi tumeyapata kwa Dede Kenan baada ya mama yule kuzikwa.

Dede alitaka kumhesabia utumishi wake wa zamani, amvike kofia siku ile ile, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Himmet akakataa. "Niliondoka kwa mguu wangu, Dede. Ningeuliza neno moja ningebaki, na sikuuliza, kwa sababu nilipenda kudhulumiwa. Niketishe kwenye ngozi." Basi mtu wa makamo mwenye sifa mji mzima akaketi kando ya mlango kama siku ya kwanza, watumishi wenye umri wa wanawe wakimruka na masufuria. Akabeba kuni. Akafagia vyoo. Mmoja wao alimwuliza kwa dhihaka, "Babu, wewe umekuja kujifunza au kufa?" akamjibu, "Kitakachotangulia, mwanangu, ila nisongeshee kapu la vitunguu." Hakusimulia ndoto tena. Kila alipoulizwa asubuhi ameota nini, alisema, "Nimelala vizuri, Dede, namshukuru Mungu."

Utumishi wake wa pili ulipokaribia kwisha, majira ya baridi ya mwaka 1233, kifua kilimbana. Alikataa kupelekwa chumbani, akalazwa juu ya ngozi ya kondoo karibu na moto. Dede Kenan alimshika mkono akamwambia, "Jikaze. Imebaki kidogo."

Himmet akafungua macho, uso wake ukawa kama wa mtu aliyesikia sauti anayoijua ng'ambo ya maji. "Mama aliambiwa hivyo hivyo," akasema. Akafariki kunapambazuka. Kofia aliyovikwa jenezani ilikuwa moja ya zile alizozishindilia mwenyewe Kizilhan.

Walipofungua mlango kumtoa, waliona theluji imefunika ua mzima na viatu vya wote vilivyokuwa nje, visionekane. Vya Himmet peke yake vilikuwa juu ya jiwe la kizingiti, vikavu, vya vuguvugu kwa aliyevigusa, na ncha zake zinatazama ndani. Hapakuwa na nyayo karibu navyo.

Amezikwa pale Akpinar, kati ya jiko na kisima. Wanaomzuru kuliko wote ni wale ambao mioyo yao imeshika mwiba: ndugu wasiosemezana, wake na mawifi, majirani wa mpaka mmoja. Huleta ngano ya kupondwa na vitunguu, vinapikwa, vinaliwa na wote. Kwenye mlango wa kaburi lake viatu huachwa vikitazama ndani, na hakuna anayevigusa. Lakini katika nyumba za Akpinar na Sazak na vijiji vyote vya katikati, mama wa nyumba bado humgeuzia mgeni viatu, na anapoinama huvipangusa kwa ncha ya shela na kusema kimoyomoyo, njia nyepesi.

Basi nasi tulio na mioyo ya sufu tumwige mja huyu wa Mungu. Tukikuta viatu vyetu vimegeuzwa, tuulize kwa upole kabla ya kuondoka. Na kama hakuna wa kumwuliza, kabla hatujamsamehe aliyevigeuza, tutie kwanza mguu ndani tuone kama havijakung'utwa theluji.